Ini la Panya Aliyenyweshwa Sukari

Dada yangu alimpasua panya tumbo mbele yangu na mama, katika maabara ya chuo chake hapa Goma. Ini lilikuwa la manjano, kama ngozi ya kuku aliyenona, na lilipoguswa liliacha mafuta kwenye glavu. Harufu yake ilinikaa kooni.

"Huyu hatukumupa sumu," dada alisema. "Ni maji ya sukari tu."

Akaeleza kwamba ini hugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta. Likishajaa, halisikii tena insulini. Huendelea kumwaga sukari kwenye damu hata panya akiwa hajala.

Alikuwa amemleta mama makusudi. Daktari alishamwambia mama kuwa ini lake nalo limeanza kunenepa, lakini hakuacha sukre, ile soda ambayo kwetu mgeni hufunguliwa bila kuulizwa.

Mama aliziba pua. "Panya yako haina majirani, mutoto wangu. Miye nikikataa chupa ya mutu, atasema ninaogopa ameniwekea sumu."

Jumapili tulikwenda kumwona jirani aliyejifungua. Sukre nyekundu ikafunguliwa mbele ya mama. Akaigusisha midomoni, akatazama ndani ya chupa kwa muda, kisha akanisogezea taratibu.

"Nisaidie," alinong'ona.

Mwenye nyumba alikuwa anatutazama. Nikainywa yote, vuguvugu, nzito, nikiiona ile glavu inayong'aa mafuta kila nilipomeza.

"Aksanti, mama," nikamwambia jirani. "Ilikuwa tamu."

Akaenda kuniletea nyingine.