Ngumi Mbili za Mteja

Katika karakana yetu ya fimbo za kuvulia samaki hapa Kitengela, bosi hupima mpini wa sponji kwa ngumi mbili za mteja. Nikiwa bado kwenye majaribio ya kazi, aliniachia mzee mmoja, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Kajiado. Nikawaza sana: nitamwambiaje mzee nisiyemjua anikunjie ngumi? Si ataona namchokoza? Basi nikapima kwa zangu, nikakata kipande chetu cha mwisho cha sponji na kukigundisha.

Mzee aliporudi kuchukua fimbo, mkono wake wa kwanza ulijaza mpini karibu wote. Wa pili ukakosa pa kushika.

“Kijana, hii ni ya mjukuu wangu?”

Bosi akanigeukia. “Ulipima ngumi za nani?”

Nikaingiza mikono mfukoni polepole, lakini walikuwa wameshaiona.