Magadi Kidogo Kwenye Makande ya Mgonjwa

Namshukuru Mungu aliyenipa mke mara mbili, na mara zote mbili ni mwanamke yuleyule.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa kijijini Vudee, juu milimani, kuna wanaume wa safari na wanaume wa vijiweni. Mimi ni wa kibarazani kwangu. Nilimaliza kidato cha nne, nikashuka Same mjini kutafuta maisha, nikayakosa, nikarudi kabla godoro halijapoa. Mwenye miguu ni mke wangu, Mama Namsifu. Siku za gulio alikuwa anashuka Hedaru na ndizi na maharage, jioni anarudi na habari zote za barabara kuu, nami namsikiliza kama redio.

Miguu hiyo ndiyo iliyoanza kuvimba. Kwanza viatu vilimbana, tukalaumu viatu. Kisha ukibonyeza muundi wa mguu kwa kidole, shimo linabaki kama kwenye unga uliokandwa. Akawa hawezi kupanda mlima bila kusimama kila penye kivuli. Kulala chali akashindwa, pumzi inakata, anakohoa. Namwekea mito mpaka anakuwa kama amekaa kitini.

"Ni uzee tu," akasema.

Nikasema tuombe. Tukaomba, kisha nikamshusha Same hospitali, maana sijawahi kusikia kwamba sala na gari vina ugomvi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno. "Moyo wake umepanuka. Hausukumi damu sawasawa, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kifuani. Akifuata dawa na chakula, ataishi vizuri. Asipofuata, mtampoteza. Chumvi marufuku. Nani anapika nyumbani?"

"Sasa ni mimi," nikasema.

Mke wangu, mrija wa oksijeni puani, akacheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Daktari," akasema, "basi niombeeni."

Tuliporudi nyumbani uvimbe umepungua, jiko lilikuwa langu, maana binti yetu Namsifu ameolewa mbali. Uji uliungua. Wali ulitoka kama kokoto. Lakini mgonjwa wangu ni Mpare, alitaka makande, na makande nikayaweza. Chumvi yote ya nyumbani nilimpa jirani. Akina mama wa jumuiya walipokuja kumwombea na mabakuli yao, nilisimama mlangoni kama mgambo.

"Kina chumvi?"

"Kidogo tu, Baba Namsifu, mgonjwa apate hamu."

"Asanteni sana. Hicho nitakula mimi."

Nikanenepa. Wao wakaimba, wakamwombea, wakaondoka.

Miguu ikavimba tena. Dawa anameza, maombi yapo, chumvi haipo. Nikaanza kumuuliza Mungu maswali kwa sauti isiyo ya adabu. Siku tuliyorudi hospitali, Mama Namsifu alikuwa hawezi kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja. Daktari akanitazama kama mwizi wa kuku.

"Umempa chumvi?"

"Hata punje. Mungu shahidi."

"Nieleze unavyopika. Kila kitu."

Nikaeleza kwa majivuno: mahindi yaliyokobolewa, maharage, maji, magadi kidogo yalainike, kisha kitunguu...

"Rudi nyuma."

"Kitunguu?"

"Kabla ya hapo."

"Magadi? Hayo si chumvi, daktari. Ni ya kulainisha tu."

"Magadi ni ndugu wa chumvi, na yanakusanya maji mwilini vilevile. Hicho kidogo ni kiasi gani?"

Nikaonyesha kwa vidole viwili. Mke wangu, hoi kitandani, akanyoosha mkono, akavipanua vile vidole vyangu.

Mama yangu alipika hivyo, mama yake alipika hivyo. Kwetu magadi hayahesabiwi kuwa kitu. Ni kama maji. Hata mke wangu, aliyepika maisha yake yote, hakuyafikiria.

Akalazwa. Nikakaa kwenye benchi la nje, nikaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba: Bwana, usimchukue kwa makande yangu.

Hakumchukua. Maji yalitolewa kwa dawa, tukarudi nyumbani, nikajifunza upya. Maharage naloweka jioni, asubuhi namwaga maji. Moto nauwasha baada ya chai, na makande yanaiva mchana umeshasogea. Ladha natafuta kwa ndimu na tangawizi ya Myamba. Kukaa kando ya moto ukingoja kitu kilainike: hatimaye nimepata kazi inayofanana na mimi.

Pumzi ikarudi polepole. Moyo haujawa mpya, na dawa anameza hadi leo, ila kanisani anapanda kwa miguu yake.

Ninyi mnaouguza, mwambieni daktari kila kinachoingia chunguni, hasa kile msichokihesabu. Msiache dawa kwa sababu mmeombewa, wala msiache kuomba kwa sababu mmepewa dawa.

Juzi alishuka Hedaru kwa gari, bila mzigo. Aliporudi nilimkalisha, nikabonyeza muundi kabla hata ya kumpa pole ya safari. Ngozi ikarudi palepale. Nikabonyeza tena.

"Baba Namsifu, huo ni mguu, si papai."

Nikampakulia makande. Akaonja, akakunja uso.

"Hayana ladha," akasema, akasogeza bakuli niongeze.