Kifaranga wa Hudhurungi na Uzi wa Sweta

Nakumbuka asubuhi moja ya Agosti, mwanangu, katika miaka ile ya tisini, nikiwa nimesimama uani kwetu, mtaa wa Jericho, na kifaranga mkononi, nikitafuta ujasiri wa kumnyonga. Alikuwa na umri wa siku mbili. Miguu yake ilitawanyika, mmoja kushoto na mwingine kulia, naye alijivuta kwa tumbo kama mtu anayeogelea pasipo na maji. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa sayansi, nimetoka chuoni si zamani, na sikudhani kwamba kulikuwa na jambo la kuku ambalo ningeweza kufundishwa na mtu asiye na cheti.

Kosa langu, hata hivyo, lilianza mbali zaidi ya asubuhi hiyo. Jirani yetu, Mama Nafula, aliyekuwa akifuma na kuuza sweta sokoni, alikuwa amenipa kuku wa kulea. Katika ukoo wao, kule magharibi, binti alipoolewa alipewa na mamake mtetea wa kuanzia boma lake, na uzao wa mtetea huyo ndio uliomfuata binti wa kizazi kilichofuata. "Wewe mlee tu," aliniambia. "Vifaranga ni wako. Lakini siku binti yangu Nafula akipata bwana, utanipa mtetea mmoja wa damu na rangi hii aende naye."

Kuku mwenyewe alikuwa wa hudhurungi, mwenye miguu mifupi minene na uso wa kununa. Hakuwa mzuri wa kutazama. Alikuwa, hata hivyo, hodari wa kuatamia, na paka wa mtaa mzima walimheshimu.

Mimi nilikuwa na jogoo mweupe. Walipozaa, vifaranga wengine walitoka weupe, wengine wa hudhurungi, nami nikaingiwa na tamaa ya kuwa na kundi jeupe lisilo na doa. Wa hudhurungi niliwala mmoja baada ya mwingine. Weupe niliwabakiza, nikamwacha jogoo kijana mmoja azae na dada zake, kisha na binti zake mwenyewe. Ilipofika Krismasi nilimchinja hata yule mama yao, kwa kuwa rangi yake iliharibu mandhari. Vijana waliopita nje ya ua walinitania: "Mwalimu, hao kuku wako huwapeleka dobi?" Nilicheka, lakini moyoni nilijivuna. Uzuri wa mkakasi, wahenga walisema, ndani kipande cha mti. Methali hiyo niliwafundisha wanafunzi wangu, mwenyewe sikuisikia.

Mwaka uliofuata, katika mvua ndefu, kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kilipita mtaani kikafagia kizimba chote cha Mama Nafula. Changu kilisalimika. Na wakati huohuo Nafula akaposwa, harusi ikapangwa Desemba.

Sasa unaelewa, mwanangu, kwa nini nilikosa ujasiri asubuhi ile ya Agosti. Katika mayai kumi na mawili yalikuwa yameanguliwa matano tu, na vifaranga watatu kati ya hao watano hawakuweza kusimama. Niliyemshika alikuwa wa hudhurungi, wa kwanza kuonekana tangu nianze kuchagua weupe. Damu ya bibi yake ilikuwa imejificha, ikatokeza tena.

"Unamfanya nini huyo?" Mama Nafula aliuliza akiwa mlangoni mwa ua, kikapu cha nyuzi begani.

"Ni kilema, Mama. Hatapona."

Alimchukua, akamgeuza, akamtazama miguu. Kisha akauliza lile nililoliogopa tangu Krismasi. "Na kuku wangu yuko wapi?"

Ningeweza kusingizia kideri. Neno lilikuwa tayari mdomoni. "Nilimchinja, Mama. Krismasi."

Alimpapasa kifaranga mgongoni. "Alikuwa mtamu?"

"Alikuwa mgumu."

"Ee," akasema. "Hata mamangu alikuwa mgumu."

Hakucheka, wala mimi. Aliingia jikoni bila kukaribishwa, akafunua katoni niliyowalelea vifaranga chini ya balbu. Nilikuwa nimeitandika kurasa laini za majarida, nikijisifu kwa usafi. Akapitisha kidole juu yake.

"Mwalimu, umeweka watoto mahali pa kuteleza, halafu unawalaumu wakianguka? Leta gunia."

Alikata uzi wa sufu wa buluu, rangi ya sweta za shule, akaifunga miguu ya kifaranga pamoja, akiacha nafasi ya kidole katikati ili aweze kupiga hatua lakini miguu isipanuke. Alipima ulegevu wa fundo kwa ncha ya ukucha, usije ukamkata. "Leo na kesho mifupa bado inasikia," alisema. "Wiki ijayo haitasikia mtu." Samaki mkunje angali mbichi.

Wale wengine wawili, weupe, aliwatazama akawarudisha polepole. Vifundo vyao vilikuwa vimepinda tangu ndani ya yai. "Hawa dawa yao si gunia wala uzi. Umeozesha ndugu kwa ndugu. Sisi watu hatuoani ukoo mmoja. Kuku amekukosea nini? Jogoo atoke nyumba nyingine." Wawili hao walikufa kabla ya Jumapili.

Siku ya nne tulifungua uzi. Yule wa hudhurungi aliyumba, akasimama, akanya palepale kwenye gunia. Mama Nafula akapiga makofi. Ikabaki hofu moja: je, akiwa jogoo? Kwa wiki nyingi tulimkagua upanga wa kichwani kama madaktari, na upanga ukabaki mdogo: alikuwa mtetea.

Desemba, Nafula aliondoka na mtetea kwapani. Mamake alikuwa amemfunga kuku mguuni uzi uleule wa buluu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Ndipo nilipolia.

Mwanangu, ukichagua kuku, tazama miguu kabla ya manyoya, na umpime mama kwa malezi yake. Usirudishe damu moja juu ya nyingine kwa kupenda rangi. Kifaranga akianguka, kagua kwanza alipokanyaga, umfunge mapema, kwa uzi laini. Yuko pia asiyeponyeka, na huyo umkubali kwa unyenyekevu ikiwa kosa ni lako. Ukikabidhiwa kitu cha mtu, kilinde hata kama hakikupendezi machoni. Na ukikiharibu, sema kabla hujaulizwa, maana mimi nilisubiri kuulizwa, na kuchelewa huko bado kunaniuma.

Mungu akuimarishe miguu, akupe pa kukanyaga pasipoteleza, na siku utakayoanguka akuletee jirani mwenye uzi.