Miguu Yangu Haikugusa Breki

Gari lile nililinunua kwa mbwembwe. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika, na kioo chake cha katikati kinaongea Kijapani mpaka leo. Kilichonichanganya akili ni kitufe kimoja kwenye usukani. Ukikibonyeza, gari linashika mwendo lenyewe na kupima umbali wa gari la mbele: ukilikaribia linapunguza, njia ikiwa nyeupe linaongeza. Jamaa aliyeniuzia aliniapia kwamba nikishakizoea sitataka tena kukanyaga mafuta kwa mguu. Nikamwamini upesi, kama anavyoaminiwa mtu anayekuambia unachotaka kusikia.

Basi siku mama aliporuhusiwa kutoka hospitali ya rufaa Dodoma, mimi ndiye niliyekataa wazo la kukodi gari la wagonjwa. Alikuwa ameteleza shambani kwake Bigwa, kwenye mteremko anaoupanda na kuushuka tangu alipoolewa, akavunjika nyonga. Walimpasua, wakamwekea chuma. Daktari alituambia jambo moja na akalirudia: asitikiswe. Nikajisemea, ni dereva gani atakayekwenda kwa utulivu kulishinda gari linalopiga hesabu lenyewe? Nikakilaza kiti cha mbele, nikampangia mito, tukaondoka asubuhi. Pale alipolala mama aliliona dari la gari tu. Barabara hakuiona, wala hakuona mimi nafanya nini.

Nikabonyeza kitufe. Hatujafika mbali, kwenye kona, lori likaja likiwa upande wake kabisa, halina neno na mtu. Gari langu likaliona limelielekea uso kwa uso, likafunga breki.

"Mh!" mama akasema, akashika ukingo wa kiti.

"Pole, mama."

"Si kitu."

Breki ya pili ilikuwa ya bodaboda iliyokuwa inakata kushoto kuingia kijijini. Ilishatoka barabarani, limebaki vumbi lake, ndipo gari likashtuka. Lakini ya tatu ndiyo iliyonitia wazimu. Mbele yetu lori la mahindi lilikuwa linajikongoja kilimani. Dereva wake, mstaarabu wa watu, akaniwashia taa ya kushoto, na yeyote aliyewahi kuendesha njia ile anajua maana yake: kweupe, pita. Nikachomoka kulipita. Gari likaona mgongo wa lori umekaribia, likapiga breki nikiwa nimeshaingia upande usio wangu. Dereva wa lori akanipigia honi ndefu ya kunishangaa, na alikuwa na haki. Mtu amekukaribisha, wewe unasimama mlangoni!

Utauliza kwa nini sikukizima kile kitufe. Ni kwa sababu nilikuwa nimeshamsifia mama gari, basi. Na kila baada ya breki lilitulia, likateleza vizuri kilomita kumi, kumi na tano, mpaka nikasema haya, sasa limeizoea barabara yetu. Kisha linafunga tena, hata pasipo na kitu, na mama anauma ncha ya kanga yake asitoe sauti. Nilikuwa nimeshalitukana matusi yote ninayoyajua, kimoyomoyo, maana nilikuwa na mzazi pembeni.

Tulipofika Gairo akasema anataka karanga. Nikasimama sokoni, nikanunua, nikazunguka upande wake kumpa.

"Sogea," akasema.

Nikasogea.

"Zaidi."

Nikainamisha kichwa dirishani. Akaninusa mdomo.

"Umeanza lini?"

"Kuanza nini, mama?"

"Kunywa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Na hiyo bigijii unayotafuna tangu asubuhi, unaficha nini?"

Mimi, mtu mzima mwenye watoto walio sekondari, sijawahi kuonja hata togwa iliyolala! Lakini mdogo wake mama, mjomba wangu, pombe ndiyo iliyomzika. Mama ndiye aliyekuwa akimwokota mitaroni, akimnusa hivyohivyo, mpaka siku alipomwokota hana uhai. Hakuwa ananitania.

"Tangu Dodoma namlilia Mungu," akasema. "Nasema, na huyu naye? Nyonga nitaivumilia, baba. Hili siliwezi."

Nikamweleza. Nikamwambia gari lina jicho kwa mbele, lina kompyuta, linafunga breki lenyewe bila mimi kugusa kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mjomba wako naye alikuwa anasema ni baiskeli."

Damu ikanipanda kichwani. Nikarudi kwenye usukani, nikavua viatu, nikavitupa kiti cha nyuma. Halafu nikakiinua kiti chake. Polepole, ndiyo, lakini nikakiinua, hata alipokunja uso, mpaka akaweza kuiona miguu yangu. "Usibandue macho hapa," nikamwambia. "Utaona mwenyewe."

Tukaondoka. Na gari likawa na adabu.

Sijui niseme nini. Malori tuliyakuta, likapunguza kwa ulaini. Bodaboda zilikatiza, likaziacha zipite. Ng'ombe walivuka barabara mbele yetu, kundi zima, likanyata kama bibi harusi. Nililisogeza nyuma ya kila kitu chenye magurudumu nikalisubiri, na lenyewe likaendesha vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kupanda gari lake. Mama kakaza macho kwenye miguu yangu, mkono mmoja umebana nyonga, jasho linamtoka. Kadiri lilivyokwenda vizuri ndivyo nilivyozidi kuwa mlevi machoni pake. Nikaanza kuomba. Naona haya kuandika hili: nilimwomba Mungu breki. Nilitaka gari lifunge, tena lifunge hasa, asibaki na shaka.

Tulikuwa tumeshaipita Dumila. Kwenye kona moja palikuwa na kibao cha chuma kando ya barabara, kibao tu, kimesimama mahali pake. Gari likafunga breki zote. Mkanda ukamkaba mama kifuani, akarushwa mbele na kurudi, akapiga yowe ambalo hata siku alipovunjika hakulipiga.

"Umeona!" nikapaza sauti, miguu yangu yote miwili iko juu. "Umeona, mama! Si nilikwambia?"

Nilikuwa nacheka. Nilikuwa naupiga usukani kwa kiganja, kama mtu ambaye timu yake imefunga bao.

Ilimchukua muda kupata pumzi. Machozi yalimtiririka mpaka shingoni na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa kwenye nyonga.

"Nimeona," akasema. "Miguu nimeiona. Na uso wako nimeuona. Nilaze, baba."

Nikasimama pembeni, nikamlaza. Kitufe nilikizima palepale, na mpaka tunafika Bigwa sikuthubutu kumtazama.