Leo Nimeyakana Mabati Yangu

Leo nimeyakana mabati yangu mwenyewe, risiti ikiwa mfukoni.

Ngoja niwaambie.

Asubuhi gari limeshusha mabati hapa Nangara, ya vyumba viwili vya kupangisha. Mara namwona mama anaburuta mabua ya mahindi, anayarundika juu yake. Mama huyu anayetembea kwa mkongojo!

"Funika, mwanangu! Wataona!"

Nikacheka. "Akina nani, mama?"

Akaenda kuburuta mabua mengine.

Ndipo nikakumbuka. Miaka ya themanini, wakati wa msako wa walanguzi, bati hupati bila kibali. Tulikuwa watu tisa kwenye chumba kimoja cha kupanga. Baba akapata mabati kumi kwa mlango wa nyuma, akayaficha chini ya mabua. Mgambo walipokuja, mama alinikalisha juu ya mabua, akaniambia nisiinuke. Nilikuwa na miaka saba.

Nilijikojolea, jamani. Lakini sikuinuka.

Basi leo bado nacheka, pikipiki ikasimama. Kijana, miwani ya jua.

"Shikamooni. Haya mabati ni ya nani?"

Nikasikia sauti yangu inasema, "Si yetu."

Na nilikuwa nimeshakaa juu ya mabua.

"Samahani," akasema. "Nilidhani mnajenga. Natafuta chumba. Mimi, mke wangu na mtoto tunalala sebuleni kwa watu, kule Bonga."

Akaondoka. Miguu yangu ilikataa kuinuka nimwite.

Anayemjua amwambie arudi. Mabati ni yetu.