Upanga wa Zuhura umemkimbia mwenyewe

Nisameheni jamani, picha za upanga niliwaahidi tangu asubuhi. Kitoto cha mgongoni hakikunipa nafasi, halafu yakatokea haya.

Jumamosi binti yangu Zuhura ni mlinzi wa malkia kwenye igizo la mahafali ya chekechea, hapa Mchukwi.

Mpini ni tochi. Bapa ni bomba la plastiki linalopitisha mwanga. Nililichomeka mdomoni mwa tochi, nikalikaza kwa ukindu wa kusukia mikeka, tukatembea juani hadi shule kwa mazoezi.

Akapunga mara moja tu.
Bapa likachomoka, likatua mapajani kwa mwalimu.

Zuhura kabaki na tochi. “Mama, upanga umenikimbia.”

Mwalimu akasema kwa upole, “Mama Zuhura, usipokaza vizuri, Jumamosi atashika maua.”

Zuhura hataki maua. Kalia njia nzima.

Nyumbani mama mkwe akaupapasa ule ukindu.
“Uliulowesha?”
Niliulowesha, ndiyo. Mikono imeshazoea mikeka.
“Si umekauka juani, umesinyaa, umelegea. Mwanangu, wewe ulikuwa unasuka jamvi.”

Kacheka mpaka kakaa chini.

Basi nimekata mpira wa ndani wa baiskeli ya baba yake, nikauvuta, nikazungusha mara sita. Nikamwambia Zuhura, “Futa machozi, vuta.” Kavuta kwa nguvu zote. Bapa halijatoka.

Baba yake hajaiona baiskeli bado.

Chekeni, ila mlioko Dar nitumieni kabla ya Jumamosi: betri mbili kubwa za tochi, skrubu mbili fupi za kukazia bapa, na mpira mmoja wa ndani wa baiskeli.