Mchele wa Upande wa Kushoto

Daktari alifungua sanduku lake kwenye chumba cha mwisho cha hospitali ya Kilindoni akanipangia mezani matiti saba. Nikayahesabu. Nikayahesabu tena kuanzia upande wa dirishani, yakawa saba yaleyale, na hakuna hata moja lililokuwa na mwenzake. Kila moja na ukubwa wake, yamelala chali juu ya kitambaa cha kijani, yanatikisika kidogo kila mtu alipopita koridoni.

“Shikamoo mama,” alisema daktari. Alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, sauti ya upole, kucha fupi.

“Marahaba. Ya nani haya?”

“Si ya mtu. Ni sampuli. Shika, usiogope.”

Nikashika la katikati. Lilikuwa baridi, zito kuliko macho yangu yalivyolikadiria, laini kama kichwa cha pweza aliyekwisha kupigwa vya kutosha. Nilipolirudisha mezani liliendelea kutikisika baada ya mkono wangu kuondoka. Nikalisubiri litulie. Halikuwa na haraka.

Titi langu la kushoto lilikatwa Dar es Salaam, miaka miwili kabla ya Jumatatu hiyo, kwa sababu ya saratani. Dawa nilizimaliza, mionzi sikupigwa, kovu lilifunga vizuri. Sasa madaktari bingwa walikuwa wamekuja kisiwani kwa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na huyu wa upasuaji alisema panaweza kujazwa. Upasuaji wenyewe ungefanyika Dar, lakini ukubwa na umbo tulitakiwa kukubaliana hapahapa. Ijumaa nimpe namba. Nikikosea, nitaishi na kosa hilo chini ya ngozi.

Mume wangu alikwisha kuuliza msikitini, akajibiwa kwamba kurudisha umbo lililoondolewa na maradhi si kosa. Mimi nilipomuuliza yeye anapenda kubwa au dogo, akasema lolote. Huwezi kupatana na mtu asiyetaja lake.

Kazi yangu ni kununua nazi kijijini kwetu Bweni na kuziuza, na nazi nahesabu mara mbili, kwanza mbilimbili, kisha mojamoja. Tangu nikatwe, wakwezi walikuwa wakinihesabia huku macho yao yanakimbilia upande uliobonyea, wanapotea njiani. Nimepata nazi za bure humo, sikatai. Lakini si macho ya wakwezi yaliyonipeleka kwa daktari. Ni kwamba titi lile halikuondoka sawasawa. Nikiingia baharini, maji yakifika kifuani, chuchu isiyokuwepo ilikuwa ikisimama kwa baridi. Ilikuwa ikiwasha. Nilikuwa nikipeleka mkono kuikuna na mkono unapita hewani, unafika kwenye mbavu, na mwasho unabaki palepale nje, kiasi cha vidole vinne mbele yangu. Daktari alisema hutokea, mishipa haijasahau. Nilitaka pajazwe ili huo mwasho upate pa kukaa.

“Kubwa ni lipi?” nilimuuliza.

“Hili, mililita mia nne. Ila kifua chako hakilibebi.”

“Nani kasema?”

“Futi.” Alinipima tena, taratibu, kutoka mfupa wa kati mpaka kwapani. “Sentimita kumi na mbili. Na ngozi imekaza, tutaanza kwa kuweka puto, tulijaze kidogokidogo miezi kadhaa, ndipo tuweke lenyewe.”

“Kumi na mbili na nusu.”

“Mama, hatuuziani kitenge.”

Akanionyesha maumbo mawili. La duara, lililojaa juu na chini. Na la tone, jembamba juu, tumbo lake chini, kama linataka kudondoka.

“Likidondoka?”

“Halidondoki. La kulia ndilo litakaloendelea kushuka, kwa umri. Hili litabaki tulipoliweka.”

“Kwa hiyo nitazeeka mimi na la kulia.”

Alicheka. “Linaweza kuhitaji kubadilishwa miaka ya mbele, hilo nisikufiche. Lakini lenyewe haliozi.”

Alilisema kama mtu anayesifia mali. Sasa mimi, mbali na nazi, ni mmoja wa wanawake watatu wanaokosha maiti za kike mtaani kwetu. Neno lile lilinifikia kwa mlango mwingine.

Kabla sijatoka alinipa jagi dogo la plastiki lenye mistari ya vipimo na soksi laini. Nipime mchele, nifunge kwenye soksi, nivae ndani ya sidiria saa chache kila siku nikifanya kazi zangu. Nianze na mia tatu na ishirini, nione. Mwili wenyewe utaniambia.

Jumanne asubuhi nilipima mia tatu na ishirini. Nikamimina bakulini, nikapima tena, ikawa hiyohiyo. Nikavaa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili gauni lilining'inia sawa pande zote, na kwenye rundo la nazi mkwezi alihesabu mpaka mwisho bila kukosea hata moja. Hasara imeanza, nikajisemea.

Baada ya alasiri nilivua na kupima. Mia tatu thelathini na tano.

Nikapima tena. Mia tatu thelathini na tano. Nikaangalia jagi kwa chini kama lina kitu. Nikasema ni jasho, mchele umevuta unyevu. Ila niliumimina kiganjani ukawa mkavu, unapukutika. Nikatoa ile ziada ya kumi na tano nikawarushia kuku uani. Walikuja mbio, maana kuku wetu wanadonoa hata povu la sabuni. Wakafika, wakasimama. Mmoja akainamisha kichwa, akautazama ule mchele kwa jicho moja, kisha la pili, akaondoka, na wenzake nyuma yake. Kesho yake ulikuwa bado pale chini, mweupe, na sisimizi wameuzunguka bila kuugusa.

Jumatano alifariki mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mgonjwa wa siku nyingi. Tuliitwa saa nne. Nilikwenda haraka na nikasahau kuutoa mchele. Kukosha kwetu kuna mpango: bibi mmoja, aliyenifundisha kazi hiyo, ndiye anayesugua kwa kitambaa, mimi namimina maji ya mkunazi, wa tatu anashika shuka lisifunuke. Niliinama kumimina upande wa kushoto, soksi ikateleza mbele, ikaegemea mkono wa marehemu. Nikahisi ubaridi wa ule mkono. Si kwenye mbavu. Niliuhisi nje, vidole vinne mbele yangu, mahali palipokuwa na mchele tu.

Kata ya maji ilinitoka mkononi.

Bibi aliiokota, akanipa, akaendelea kusugua. Hatusemi ovyo kwenye kazi ile. Mpaka tulipomaliza, wenye kufunga sanda wakaingia, sisi tukatoka nyuma kunawa, ndipo aliponitazama kifuani.

“Hilo limekuja lini?”

“Jana, bibi. Ni mchele.”

“Wa kupika?”

“Wa kujaribia. Daktari anataka nichague ukubwa.”

Akaligusa kwa vidole viwili, bila kuomba, kama anavyogusa kila kitu. Kisha akagusa la kulia, lililo langu.

“Mbona la mchele lina moto na hili la baridi?”

“Nimelowa maji, bibi.”

“Umelowa upande mmoja?”

Nikajipapasa gauni. Nilikuwa nimelowa pande zote.

Yanayoonekana kwenye kukosha hayasemwi nje, hiyo ndiyo sheria yetu. Lakini bibi alitaka kujua kabla, na kwa kabla hakuna sheria. Akajipangusa mikono kwa khanga, akasema: “Mimi na wewe, mmoja atamkosha mwenziwe. Umri unasema utanikosha wewe, lakini umri ni mwongo. Niambie kabisa nisije nikaangusha kata kama wewe. Nitakuta nini?”

“Kifuko, ndani ya ngozi. Hutakiona, utakigusa tu.”

“Kitakuwa cha baridi?”

“Siku hiyo sote tutakuwa baridi.”

“Na huko chini?”

“Huko chini hakiozi.”

Aliacha kujipangusa. “Hakiozi kabisa?”

“Ndivyo alivyosema.”

“Basi wewe utakwenda zako, mwili wote, nyama, nywele, mifupa ikufuate, na yeye atabaki amekaa pale kifuani pasipo na kifua.”

Yeye, alisema, kama anamtaja mtu. Nikatazama pembeni. Ndani walikuwa wanasoma, na moshi wa udi ulikuwa ukitoka dirishani ukienda moja kwa moja bila upepo.

“Na pwani yetu unaijua,” akaendelea. “Maji yamekwisha kula makaburi ya mbele. Kila bamvua, maji yakijaa sana, linachukua lake. Litakuja kutoka lile. Watoto watalikuta mchangani, walipige danadana.” Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akanishika bega asianguke. “Chagua dogo, we mtoto. Likiwa kubwa watagombana.”

Nami nilicheka. Lakini nilikwenda nyumbani kwa njia ya juu, isiyopita makaburini, na nilipofika nilipima. Mia tatu na hamsini. Na ile kumi na tano nilikuwa nimekwisha kuitoa.

Alhamisi nilivaa na sikupima. Nililigeuza jagi kifudifudi juu ya kabati. Mtu anayehesabu mara mbili ana ugonjwa mmoja: anaamini kwamba hesabu ya pili inakuja kuithibitisha ya kwanza. Hakuwa amenifundisha mtu la kufanya pale zote mbili zinapokubaliana na bado si kweli. Siku nzima nilifanya kazi na uzito ule upande wa moyo, nikijiuliza bei ya kusema hapana. Kusema hapana kulikuwa rahisi: nibaki bapa, gauni lining'inie upande, wakwezi wanipunje au niwapunje. Kilichonikatalia ni mwasho. Tangu Jumanne haukuwa umekuja hata mara moja, na mimi, badala ya kushukuru, nilikuwa nikipita uani mchana ule mweupe nikiusikilizia, kama mama anayesikiliza chumba ambacho mtoto amenyamaza mno.

Ijumaa asubuhi nilipanda bodaboda kutoka Bweni nikiwa nimeuvaa. Barabara yetu ni mtihani kwa titi la aina yoyote. La kulia lilipata taabu yake yote, la mchele halikusogea. Kilindoni foleni ilikuwa fupi. Daktari alinipokea kwa shikamoo yake, akaifungua soksi, akamimina kwenye jagi nililomrudishia.

“Mia tatu na ishirini,” akasema.

“Pima tena.”

Akapima. “Mia tatu na ishirini juu ya mstari. Umeuvaa kweli, mama?”

Nikaomba nipime mwenyewe. Mia tatu na ishirini. Nilirudisha jagi mezani, nikaikunja ile soksi tupu, nikaitia mkobani. Kuna mizani ambayo ukibishana nayo mbele za watu utaonekana wewe ndiye mwizi.

“Basi tujaribu sampuli,” akasema. “Fumba macho. Usichague kwa kioo, chagua kwa kusikia.”

Nikafumba. Alianza na duara la mia tatu na sitini, nikasema hapana kabla hajaondoa mkono. Lilikuwa kama mtu mwenye kelele ameingia chumba cha mgonjwa. Akaweka la mia mbili na arubaini, halikusema kitu. Kisha akaweka tone la mia tatu na ishirini, akalisogeza kidogo kwa kiganja, na lile la zamani likaja.

Halikuja kwa mwasho. Lilikuja lote, uzito wake na mkunjo wake wa chini, likaingia ndani ya lile la daktari kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake mwenyewe. Vidole vinne vya hewa vilivyokuwa mbele yangu kwa miaka miwili vikajaa. Nikasikia chuchu pale ambapo sampuli haina chuchu. Na papo hapo, kutoka pembezoni, nikasikia lile la zamani linaanza kufifia, kama mtu aliyepisha kiti kwa kuwa mwenye tiketi amefika.

Nilifumbua macho. “Ondoa.”

“Halikufaa?”

“Limefaa mno. Nipe lililo chini yake, la umbo hilohilo.”

Akaniwekea la mia mbili na themanini, la tone. Nikafumba tena. Lilikaa, likatulia, likanijaza gauni, na kulizunguka pakabaki ukanda mwembamba wa kitu kisicholala, upana wa kidole. Nikasubiri. Lile la zamani likajikunja humo, likatosha.

“Hili,” nikasema.

“Mama, la kwanza ndilo lililolingana na la kulia, nimepima kwa macho yangu. Hili litakuwa dogo kidogo. Wanaokujua wataona.”

“Waone.”

“Ukishapasuliwa hatuwezi kuongeza bila kukupasua tena. Mia tatu na ishirini inakutosha, ngozi ikishavutwa itaruhusu. Jumatatu uligombania mia nne!”

“Jumatatu nilikuwa sijakutana na mpangaji.”

Alinitazama kuona kama natania. Hata mimi nilitamani kujua. Akachukua kalamu, akaishika bila kuandika.

“Na hiyo nafasi itakayobaki?”

“Ina mwenyewe.”

Aliinama kwenye fomu, akaandika kushoto, akaandika tone, akaandika mbili, na nane, na mimi nikasimama nyuma ya bega lake, mkono juu ya kovu, mpaka alipoifunga sifuri.